Majengo ya HEET yanapendeza, ila wadudu atawafuga nani?

Tangu HEET ianze 2021, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu Tanzania, ukishika simu tu unakutana na picha za maghorofa yanapanda: maabara, kumbi za mihadhara, ofisi. Safi sana, kumbi zilikuwa hazitoshi, anayebisha hajawahi kusikiliza lekcha akiwa amesimama dirishani. Ila kwa watu wa kilimo na botania kuna hoja imeanza kuzoeleka, kwamba maadamu tunapata maabara za vinasaba basi yale makabati ya majani makavu, masanduku ya wadudu waliochomwa pini na vyumba vya kufugia wadudu ni mambo ya kizamani, yanakula nafasi tu, tupige picha tuweke mtandaoni yaishe.

Wenye hoja hiyo si wajinga. Duke, chuo tajiri cha Marekani, Februari 2024 kilitangaza kufunga hebaria yake, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zaidi ya 825,000, iliyokuwepo tangu 1921, kwamba hakina uwezo wa kuitunza ipasavyo kwa hiyo sampuli zitafutiwe makazi kwingine. Kama Duke wamenyoosha mikono, sisi ambao friza ya kugandishia sampuli zisiliwe na vijidudu ikifa ni barua juu ya barua tufanyeje? Na utunzaji una gharama kweli, ukizembea kidogo vinaingia vijidudu vinavyokula wadudu wakavu, siku unafungua sanduku unakuta pini, lebo na vumbi. Wengine wanasema si kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, aliyoianzisha Thomas Odhiambo 1970, vifaa ipo navyo na wanafunzi wa vyuo inawapokea, tupeleke vijana wetu huko. Sawa, wa PhD wataenda, ila darasa zima la mwaka wa pili hulipakii basi kila wiki kwenda Nairobi kuangalia mdudu.

Mimi ninapokwama ni hapa: mashine ya vinasaba haimjui mdudu kwa jina. Inakutemea herufi za DNA, unazilinganisha na herufi nyingine ambazo kuna mtu alizitoa kwa mdudu aliyemshika mkononi, akamwangalia kwenye hadubini, akampa jina na kumhifadhi. Jina likiwa limekosewa mwanzoni unalirithi hivyo hivyo na majibu yako yanatoka yamenyooka kabisa, na kulikamata kosa lazima urudi kwa mdudu mwenyewe. Picha haitoshi, maana aina nyingi zinatofautiana kwenye viungo vya uzazi ambavyo huvioni mpaka upasue.

Mnakumbuka yule mdudu mweupe mwenye ungaunga aliyevamia mihogo? Aliingia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kusini, akapewa jina lake la kisayansi 1977, akasambaa nchi hadi nchi anakausha vichwa vya mihogo na watu wakawa wanakosa hata kisamvu. Wataalamu wakaenda Amerika kumtafuta adui wake wa asili. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini wakakuta mdudu anayefanana naye mno, nyigu wanaomshambulia wakajaribiwa kwa mdudu wetu, wakagoma. Kumbe ni aina nyingine kabisa, ile ya kule ina madume na majike, ya kwetu ni majike matupu yanazaa bila dume. Tofauti ndogo hiyo, ya kuonekana kwa mtu anayejua anachotafuta, na huku muda unakwenda na mihogo inakauka. Mdudu mwenyewe alikuja kupatikana Paraguay 1981, pamoja na nyigu wake, wakazalishwa kwa wingi na timu ya Hans Herren ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, wakaachiwa, na kufikia 1990 nyigu hao walishakaa kwenye nchi zaidi ya 20 za Afrika. Nikisikia mtu anasema kutambua wadudu ni kazi ya makumbusho huwa nafikiria hiyo miaka iliyopotea kwa sababu wadudu wawili wanafanana.

Tena kuzalisha nyigu kunataka kwanza uwe na wadudu wa kuwalisha, na wadudu wanataka mihogo hai kwenye grinihausi. Ni mnyororo, na haujui Jumapili wala Idi. Kwa hiyo chumba cha kufugia wadudu si jengo, ni mtu wa kumwagilia na umeme usiokatika, na hivyo ndivyo visivyoonekana kwenye picha za uzinduzi, mradi unajenga halafu mshahara wa teknishani unaachiwa chuo.

Upande wa kufundisha ndio hata hauna mjadala kwangu. Viwavijeshi vamizi walipotufikia 2017 bwana shamba alitakiwa amgeuze kiwavi aone ile Y iliyopinduliwa usoni na vidoa vinne vilivyojipanga kama mraba karibu na mkia, ajue huyu ni mgeni, si wale tuliowazoea. Hiyo huijui kwa slaidi za projekta, unaijua kwa kushika viwavi mpaka jicho lizoee. Kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya, ndiyo hivyo hivyo, yupo katikati ya tabaka za jani la nyanya, unayeona michirizi tu utaweza kudhani ni ugonjwa.

Kuhusu kuhamisha sampuli, sina ugomvi nako moja kwa moja. Makusanyo ya Amani, kituo kilichoanza 1902 kule Usambara, yalihamia Nairobi baada ya Vita vya Pili na yapo mpaka leo, pengine yangebaki yangeoza. Ila ndiyo hivyo, kijana wa Muheza anayetaka kuona jani lililochumwa mlimani kwao lazima avuke mpaka. Kwa hiyo chuo kidogo kisicho na friza wala mtu, afadhali kipeleke masanduku yake hebaria ya taifa Arusha kuliko kuyaacha yaliwe. Vikubwa, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), havina sababu hiyo, na mradi ujao wa aina ya HEET ukiandikwa uwekewe kifungu cha teknishani wa kudumu na friza mbili kabla ya kigae cha kwanza.