Lenzi ndefu au salamu? Swali la mpiga picha anayeanza Kigoma

Mtu anayeanza kupiga picha kwa kujifurahisha hapa Kigoma huwa na maswali mawili, na kwa kawaida huwauliza watu tofauti. La kwanza humpelekea muuza kamera: ninunue lenzi gani? La pili humuuliza rafiki, tena kwa sauti ya chini: nikimpiga mtu picha bila kumwomba, nimemkosea? Nionavyo mimi, swali ni moja, kwa sababu yote mawili yanahusu umbali kati ya mwenye kamera na anayepigwa picha.

Tuchukue mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, ambako mitumbwi iliyokesha ziwani hurudi asubuhi na akina mama huanika dagaa. Wanaotetea lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, tuseme ya milimita 300, wana hoja nzito. Mtu asiyejua kwamba anapigwa picha huendelea na kazi yake, na uso wake haujitayarishi. Ukimwomba ruhusa kwanza, ataweka beseni chini, atajifunga kitenge upya, kisha atasimama wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, na kile kilichokuvuta kitakuwa kimekwisha. Nimeliona hilo likitokea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hata hivyo, umbali huo una gharama, na gharama ya kwanza ni mwanga. Lenzi za bei nafuu za milimita 300 kwa kawaida hazifunguki zaidi ya f/5.6 (namba hii ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi), ilhali ile ndogo ya milimita 50, ambayo wengi wanaweza kuimudu, hufunguka hadi f/1.8 na kupitisha mwanga takriban mara kumi zaidi. Tena kanuni ya zamani humtaka anayeshika kamera kwa mkono asishuke chini ya kasi ya shata ya 1/300 ya sekunde anapotumia lenzi ya milimita 300, la sivyo picha itatikisika. Alfajiri, mitumbwi inapotia nanga, mwanga hautoshi kwa kasi hiyo. Itabidi apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na picha ijae chenga. Lenzi zenye mfumo wa kutuliza mtikisiko husaidia mkono wa mpigaji, lakini haziwezi kuusimamisha mkono wa mama anayetawanya dagaa. Wanaotumia simu wako katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa kuvuta picha kwenye simu nyingi ni kuikata tu na kuikuza.

Anayeamua kusubiri mwanga uongezeke ajue pia kwamba saa zetu zinadanganya. Tunatumia saa zilezile za Dar es Salaam ingawa tuko mbali magharibi, hivyo jua hufika juu kabisa hapa karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Ushauri wa vitabu wa kuepuka adhuhuri unapaswa kusogezwa mbele kwa saa nzima.

Gharama ya pili, kutoweza kuzungumza na unayempiga picha, ndiyo inayoamua, kwa maoni yangu. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu, kwa hiyo ikiona mchanga mweupe na ziwa linalong'aa, hupunguza mwanga, na uso mweusi wa mtu unageuka kivuli. Unaweza kuongeza mwanga kwa hatua moja, yaani mara mbili, lakini mchanga utaungua na kuwa mweupe mtupu. Flashi ndogo haifiki mbali. Dawa bora ni kumwomba mtu ageuke kidogo ili mwanga umwangukie usoni, jambo ambalo anayevizia nyuma ya mtumbwi hawezi kulifanya.

Kuhusu adabu, wapo wasemao kwamba mwaloni ni mahali pa wazi na kila mwenye macho anaona. Ni kweli, ila kuona hakubaki kwenye simu wala hakusambazwi kwenye makundi ya WhatsApp. Njia ninayoipendekeza ni kutoa shikamoo, kuomba, kupiga ile picha ya kusimama wima na kumwonyesha mwenyewe, kisha kutoondoka. Baada ya dakika kumi hivi atarudi kwenye dagaa wake, na hapo unayo ruhusa pamoja na kazi halisi. Kasoro ya njia hii ni kwamba inakula muda, na wakati mwingine jibu ni hapana, au ni bei. Kununua dagaa wake kwa bei ya siku hiyo naona ni sawa. Kuahidi kumtumia picha usiyokusudia kuituma ni udanganyifu. Kwa watoto, ruhusa ni ya mzazi, hata kama wenyewe wanakimbilia kamera. Na kwenye bandari au karibu na kambi za jeshi, suala linatoka kwenye adabu na kuwa la kibali cha mamlaka.

Mahali ambapo watetezi wa lenzi ndefu wanashinda bila ubishi ni Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Sokwe huweza kuambukizwa maradhi ya binadamu, hivyo kuwasogelea ni kuwahatarisha, na flashi haitakiwi huko. Tena sokwe haombwi ruhusa. Lakini mkazi wa mjini anayekwenda Gombe mara moja kwa mwaka na Kibirizi kila Jumamosi angefanya vyema kununua lenzi fupi na kuazima ile ndefu.