Bosi mkali huletewa habari mbaya zikiwa zimeshaoza

Nimefanya kazi ya samaki pande mbili: kwanza kwenye kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, sasa Bremerhaven, mji wa bandari Ujerumani unaojulikana kwa samaki. Kisu ni kilekile na barafu inauma vidole vilevile. Kinachotofautiana sana ni namna msimamizi anavyopokea habari mbaya, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mashine zote walizonazo huku.

Kwetu bosi asipofoka huambiwa ni mlaini, kazi itamshinda. Kiwandani tulikuwa na mmoja ambaye hasira zake tulizisoma tangu akiwa mlangoni, tukapeana ishara. Siku chumba cha ubaridi kilipoanza kupanda joto, kijana aliyekiona kipimo alinyamaza. Alikuwa kibarua wa siku. Angempelekea bosi habari ile, kesho yake asingeitwa jina getini. Samaki mbichi anatakiwa akae karibu na nyuzi 0, na bakteria hawasubiri mtu apoe. Tulipokuja kujua, mzigo ulikuwa umeshaharibika.

Na mzigo mbovu hauishii kiwandani. Waliokuwa kwenye biashara hii mwishoni mwa miaka ya 1990 wanakumbuka Ulaya ilivyozuia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja kwa hofu za kiafya. Sangara wakikosa soko, anaumia mwenye kiwanda, anaumia mvuvi, anaumia hadi mama anayekaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990 akakuta jambo la kushangaza: wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Wauguzi wa wodi hizo hawakuwa wakikosea zaidi, walithubutu kusema. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka yule kijana wa kipimo.

Huku nimeshuhudia mwenzangu akisimamisha mkanda mzima wa kazi kwa sababu ya joto. Msimamizi alikuja uso umewiva, akavuta pumzi, akauliza: umeona nini, na tangu saa ngapi? Samaki wakahamishwa, kazi ikaendelea. Ila tusiwape Wajerumani sifa yote kwa tabia njema. Mwenzangu yule ana mkataba, na kuna baraza la wafanyakazi. Hafukuzwi kwa neno la hasira. Kibarua wa Igoma, kule Mwanza, ana nini?

Tena utulivu wa huku una upande ambao siutaki. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ametenganisha mambo mawili: kuificha hasira usoni huku mwili ukichemka, na kulitazama jambo upya kabla hasira haijapanda. Ile ya kwanza humchosha mtu na hata kumpunguzia kumbukumbu ya yale anayoambiwa. Wasimamizi kadhaa hapa ni wa aina hiyo. Wanakaa kimya miezi, kisha unapokea barua. Nilipofiwa nilipewa kadi yenye saini za idara nzima. Yule mkali wa Mwanza, pamoja na kelele zake, msibani alikuwa anakuja, anakaa kwenye mkeka na sisi mpaka usiku. Hilo namheshimu nalo hadi leo, na sitaki viwanda vyetu vilipoteze kwa kuiga ukimya wa Ulaya.

Wala hatuna haja ya kuiga. Waulizeni wanaovua dagaa usiku wa giza huko Ukerewe. Upepo ukigeuka, nahodha mzuri hapandishi sauti. Anasema nani akae wapi, nani akumbe maji, basi. Akipaparika yeye, mwingine atasimama kwa woga na mtumbwi utapinduka. Uongozi huo tunao ziwani miaka yote, na hakuna anayemwita nahodha huyo mlaini. Kwa nini tukifika nchi kavu, kwenye ofisi na viwanda, tunampa cheo mwenye sauti kubwa?

Wenye viwanda Mwanza, mkitafuta msimamizi, msiwaulize mameneja peke yao. Waulizeni vibarua ni nani wanaweza kumwendea na habari mbaya saa nane usiku. Na kijana atakayesema kipimo kimepanda, jina lake liwe la kwanza kuitwa getini kesho yake, wenzake wote wakisikia.