Poi Hupangwa kwa Jerikani

Wanaopanga kwenda kupanda Poi, jabali kubwa la milima ya Ndoto kaskazini mwa Kenya, hubishana wiki nzima kuhusu njia ya kupandia na vyuma vya kubeba. Maji huyapa jioni moja tu. Naona wameanzia mwisho.

Hesabu ni hii. Kambini kila mtu apewe lita 7 kwa siku: 5 za kunywa, 2 za kupikia na kunawa. Watu 4 kwa siku 6 ni lita 168. Ongeza za dharura, maana gari likikwama mchangani siku nzima imepotea, na unafika lita 200, yaani jerikani 10. Hizo ni kilo 200 kabla hujapakia kamba wala unga. Msitegemee visima vinavyochimbwa kwenye laga, yaani mito mikavu ya mchanga. Maji yale ni ya Wasamburu na Warendile na mifugo yao. Ombeni wazee kwanza, na mkiruhusiwa, chemsheni.

Ukutani mwa jabali ndipo penye kazi. Watu 2 wakilala juu na kupanda siku 3, hata kwa lita 4 tu kila mmoja kwa siku, ni kilo 24 za maji za kuvuta kwa kamba. Yatieni kwenye chupa za soda za lita 2. Plastiki yake ni ngumu kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi. Chupa nyembamba za maji hupasuka mzigo ukisugua mwamba. Funga kamba nyembamba shingoni mwa chupa, chini ya ule ukingo wa kifuniko, uache kitanzi cha kuning'inizia. Chupa isiyo na kitanzi, mkono ukiteleza, imekwenda. Na msiziweke zote katika mfuko mmoja.

Januari na Februari ni kukavu. Aprili na Novemba kaeni nyumbani: laga hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali msikoiona. Lakini kiangazi kina nyuki, nao pia wanatafuta maji. Tone linalovuja kwenye jerikani, au fulana yenye jasho, huwaita. Ukiona ufa wenye doa jeusi la nta na nyuki wakiingia na kutoka, usiukaribie. Dawa ya mzio ikae mfukoni mwako, si kambini.

Kushuka kunataka kamba mbili za mita 60, kwani moja ukiikunja inakufikisha mita 30 tu. Tepe za nailoni za kufungia kamba ya kushukia, zilizoachwa na waliotangulia, zimeliwa na jua hata kama zinaonekana nzima. Beba zako mita 15 na kisu. Kila mmoja ajue kumshusha mwenzake aliyeumia. Ndege ya wagonjwa ya AMREF hutua kiwanjani, haiji kukutoa ukutani.

Jerikani moja iliyojaa ibaki chini ya jabali, kivulini, pale mtakaposhukia. Ifungwe vizuri, na isiguswe wakati wa kupanda.