Ijumaa Isiyo na Ngoma

Ijumaa ya tatu ya Agosti, ofisi za serikali ya Hawaii hufungwa. Wanakumbuka 21 Agosti 1959, siku visiwa vile vilipokuwa jimbo la 50 la Marekani. Sasa tafuta gwaride. Tafuta ngoma, au hata hotuba moja ya kuchosha. Watu wamejiendea zao ufukweni, wengine madukani, na Jumatatu wanarudi kazini kama kawaida.

Njoo 11 Juni uone. Ni Siku ya Mfalme Kamehameha, aliyeviunganisha visiwa vile kuwa ufalme mmoja, na sanamu yake pale Honolulu huvikwa mashada ya maua yaliyotungwa marefu kumpita mtu mara kadhaa. Gari la zimamoto linanyoosha ngazi, shada linapandishwa na kutundikwa kwenye mkono wa mfalme aliounyoosha, kisha jingine, kisha jingine, mpaka joho lake la dhahabu linaanza kupotelea kwenye maua. Sisi tuliokulia kwenye harufu ya vikuba vya asumini hatuhitaji mkalimani hapo. Siku hiyo ilitangazwa mwaka 1871 na mjukuu wake, Kamehameha V. Ufalme ulipinduliwa, siku ikabaki.

Katika sikukuu za jimbo, ya pili ya wenyeji ni 26 Machi, ya Mwanamfalme Kūhiō. Huyu ndiye ninayempenda zaidi: alifungwa kwa kushiriki uasi wa 1895 wa kumrudisha Malkia Liliʻuokalani kwenye kiti chake, kisha, Marekani ilipokwisha kuitwaa Hawaii, akaja kuiwakilisha katika Bunge la Marekani mpaka alipofariki mwaka 1922. Uhawaii na Umarekani vyote alivibeba yeye, na sidhani vilimkalia vyepesi.

Ninayoidai mimi ni 28 Novemba. Tarehe hiyo mwaka 1843, Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuutambua ufalme wa Hawaii kuwa nchi huru, na enzi za ufalme ilikuwa sikukuu ya taifa, Lā Kūʻokoʻa, yaani Siku ya Uhuru. (Msomaji wa Zanzibar asicheke: mwaka 1862 madola hayo hayo mawili yaliahidi kuheshimu uhuru wa Sultani wetu, na kufikia 1890 tulikuwa chini ya himaya ya Mwingereza.) Hawaii nayo, Januari 1893 wafanyabiashara walimpindua malkia huku wanamaji wa Marekani wameshateremka Honolulu na bunduki zao. Jamhuri yao waliitangaza lini? Tarehe 4 Julai 1894. Hiyo ndiyo sikukuu ya uhuru wa Marekani, kwa hiyo hata fataki za 4 Julai, kwa Mhawaii anayejua historia yake, zina mlio mwingine.

Mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria ya kuitambua 28 Novemba. Imetambuliwa, lakini kazini unakwenda.

Basi wabadilishane: Ijumaa ya Agosti iende, 28 Novemba iwe ya mapumziko. Najua nitajibiwa kwamba mwaka 1959 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walitaka jimbo. Ni kweli, na sibezi. Kwa wajukuu wa vibarua wa mashamba ya miwa waliotoka Japani na Ufilipino, kuwa jimbo kulimaanisha kumchagua gavana wao wenyewe badala ya kuletewa aliyeteuliwa na rais wa Marekani. Hilo si dogo. Ila karatasi ya kura iliuliza jimbo, ndiyo au hapana. Kurudi kuwa nchi huru hakukuwamo. Na kama hao wanaoithamini siku hiyo wenyewe hawaipigii hata tarumbeta, atakayeikosa ni nani?

Waajiri watalalamika kwamba Novemba tayari ina Alhamisi ya Shukrani, ile sikukuu ya Wamarekani ya kula bata mzinga. Kuna miaka hata hiyo Alhamisi yenyewe huangukia tarehe 28. Mwaka huo waamue wenyewe kama ni bata mzinga au poi, ule uji mzito wa magimbi wa Wahawaii. Nadhani nyumba nyingi huko zitapakua vyote viwili.