Campbell kahama na kijiji chake, kosa liko wapi?

Shemeji yangu hajamtaja Matt Campbell kwa jina tangu Januari. Anamwita "mpangaji". Kwake yeye, kocha mpya wa timu ya futiboli ya chuo cha Penn State, hapa Marekani, ni mpangaji aliyefika na vyombo vyake vyote kutoka Iowa, hadi mikeka na vigoda, kisha akavitoa nje vya mwenye nyumba. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananishika mkono: "Shem, hii si Penn State tena. Hii ni Iowa State imevalishwa jezi ya bluu."

Tunaishi Lancaster, Pennsylvania, saa mbili na ushee kwa gari hadi State College, mji wa chuo hicho. Yeye kasoma pale, kwa hiyo anajiona mwenye mji. Mimi niliingia kwa mlango wa uani: nilipelekwa Beaver Stadium nikiwa sijui hata kwa nini mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache. Nilikuta watu zaidi ya laki moja, wengi wao wamevaa nyeupe, wanapiga kelele mpaka zege linatetema chini ya miguu. Sikurudi mzima. Tangu siku hiyo soka ya Jumamosi asubuhi naitazama kwa jicho moja.

Kwa msomaji ambaye futiboli ya vyuo vya Marekani haimhusu, nieleze kidogo. Zamani mchezaji akihama chuo alikaa nje msimu mzima, ndiyo maana wachache walihama. Mwaka 2021 sharti hilo lililegezwa, na mwaka huohuo wachezaji wakaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao. Kuanzia Julai 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa, kwa ukomo ambao mwaka wa kwanza ulikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yake yote. Basi Januari huku imekuwa kama Kariakoo wakati wa usajili: huyu kaja, yule kapewa Thank You, mwingine kaonekana uwanja wa ndege. Tofauti ni kwamba huku hakuna ada ya uhamisho. Kijana anaondoka, chuo kinabaki kinapunga mkono.

Sasa turudi kwenye msiba wetu.

Msimu wa 2025 tuliuanza tukishika nafasi ya 2 kitaifa. Januari ya mwaka huohuo tulikuwa tumefika nusu fainali ya ubingwa wa taifa, tukafungwa na Notre Dame 27-24, na wachezaji wengi wakongwe waliamua kubaki ili wamalize kazi. Septemba 27 wakaja Oregon. Uwanjani tulikuwa zaidi ya 110,000. Tulitoka nyuma tukasawazisha, mchezo ukaenda muda wa nyongeza, kisha nyongeza ya pili. Oregon wakafunga, na pasi yetu ya kwanza ikadakwa na adui. 30-24. Wiki iliyofuata UCLA, ambao hawakuwa wameshinda hata mechi moja, wakatufunga 42-37. Iliyofuata, Northwestern wakaja nyumbani kwetu wakashinda 22-21, na kwotabeki wetu (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Drew Allar akaumia, msimu wake ukaishia hapo. Kesho yake kocha wetu James Franklin hakuwa na kazi.

Ushindi 104 ndani ya misimu 12, na mtu anaondoka kama mwizi wa kuku. Lakini naelewa. Dhidi ya timu zilizokuwa katika 10 bora alikuwa na ushindi 4 na vipigo 21. Mashabiki wanaweza kuvumilia timu mbovu. Timu nzuri inayoganda kila inapomwona mkubwa mwenzake ndiyo inayowatoa watu roho. Hata gharama ya kumwondoa, iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 49, haikumtisha mtu, ingawa alipopata kazi Virginia Tech deni hilo lilipunguzwa mno.

Kilichofuata ndicho kilichozaa ubishi wa sasa. Chuo kilitafuta kocha kwa karibu miezi miwili. Siku ya vijana wa sekondari kusaini ikafika tukiwa hatuna kocha. Wengi waliotuahidi wakaondoka, kundi zima likamfuata Franklin huko Virginia. Hata Ethan Grunkemeyer, kwotabeki kijana aliyeibeba timu baada ya Allar kuumia, naye akaenda hukohuko. Campbell alipokuja Desemba alikuta ghala tupu.

Akafanya nini? Akapiga simu Ames, mji wa Iowa State alikotoka. Wakaja wachezaji wengi wa Iowa State, akiwemo kwotabeki wao Rocco Becht. Mratibu wa mashambulizi, Taylor Mouser, akaja pia. Na hapo ndipo shemeji yangu alipoanza habari za mpangaji.

Mimi nasema Campbell kafanya jambo la busara kuliko yote aliyoweza kufanya, na wanaomlaumu wanalaumu kitu kisicho na kosa.

Tazama wenzetu wa ligi moja, Indiana. Kabla ya 2024 hapakuwa na timu kubwa ya chuo nchini iliyopoteza mechi nyingi kuliko wao. Bloomington, mji wao, ni mji wa kikapu. Mwaka 2023 walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Akaja kocha Curt Cignetti. Msimu wa kwanza ushindi 11 na vipigo 2. Msimu wa pili mechi 16, ushindi 16, ubingwa wa taifa, fainali wakiifunga Miami 27-21. Siku hizi kila shabiki wa kila timu anaitaja Indiana kama mtu anayemtaja jirani aliyeshinda bahati nasibu: "Mbona wao miaka miwili tu?"

Si miaka miwili. Cignetti alitoka James Madison, chuo cha Virginia, na alipoondoka pale timu yake msimu ule ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza 1. Alikuja na zaidi ya wachezaji 10 wa timu ileile. Waratibu wake wawili, Bryant Haines na Mike Shanahan, alitoka nao hukohuko. Aiden Fisher, Elijah Sarratt, D'Angelo Ponds: wote walikuwa James Madison, na wote walikuwemo kwenye kikosi cha ubingwa. Nyumba ile ilijengwa Virginia kwa miaka, ikabebwa kwa lori hadi Indiana. Kwotabeki wa dhahabu, Fernando Mendoza, alinunuliwa (nisameheni, "alihamia") kutoka chuo cha California msimu wa pili, wakati kuta zimeshasimama.

Halafu tazama Colorado. Kocha Deion Sanders aliikuta timu yenye ushindi 1 na vipigo 11, akaleta wachezaji wapya zaidi ya 80 kwa mkupuo. Kelele zilikuwa kubwa, televisheni zilikuwa nyingi, na mechi tatu za mwanzo walishinda zote. Mwisho wa msimu: ushindi 4, vipigo 8. Mwaka 2024 wakapanda hadi 9, na Travis Hunter akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa nchi. Hunter na mtoto wa kocha walipoondoka, wakarudi kwenye 3. Simsemi vibaya Sanders, yule mtu aliirudisha Boulder, mji wa chuo kile, kwenye ramani. Lakini wachezaji 80 wasiojuana ni abiria wa basi moja. Wanashuka kila mtu kituo chake.

Ndiyo maana mikeka ya Iowa hainisumbui. Becht anajua Mouser anataka nini kabla hajafungua mdomo. Wale vijana wameshapoteza pamoja na wameshashinda pamoja. Campbell alipofika Ames mwaka 2016 alishinda mechi 3, akapoteza 9. Mwaka uliofuata akashinda 8. Alipoondoka alikuwa na ushindi mwingi kuliko kocha yeyote katika historia ya chuo kile, na mwaka 2024 aliwapa ushindi 11, kitu ambacho hawakuwahi kukiona tangu waanze kucheza. Pale hapakuwa na pesa za Penn State wala uwanja wa Penn State.

Lakini hapohapo ndipo ninapoachana na wenzangu wa kambi ya matumaini, wale wanaosema Indiana kaweza basi na sisi Januari tupo fainali. Hebu tuulizane nyumba iliyobebwa ni ipi. Iowa State ya 2025 ilishinda mechi 8, ikapoteza 4. Nyumba nzuri, ina bati na sakafu, lakini si ikulu. James Madison ya Cignetti ilikuwa imezoea kushinda kila wiki. Hii ya kwetu imezoea kushinda wiki mbili kati ya tatu. Ukiihamisha kwenye ligi ya Ohio State na Oregon, sidhani kama itaongezeka chumba njiani.

Shemeji ana hoja moja ambayo sina jibu lake. Anasema vijana wa Pennsylvania, wa Harrisburg na Philadelphia, waliokua wakiota jezi ile isiyo na majina mgongoni, wengi wamepotea katika zile wiki za kuhangaika. Huwezi kuwahamisha wale kutoka Iowa. Campbell amembakiza Terry Smith, mchezaji wa zamani wa Penn State aliyeshika timu baada ya Franklin na kuimaliza na ushindi 7, na ulinzi kampa D'Anton Lynn, ambaye naye alicheza hapa. Naona amelielewa tatizo. Kama watu wawili wanatosha kuwarudisha vijana wa mkoa mzima, hilo tutalijua baada ya misimu mitatu, si Septemba hii.

Nami nimeandika haya kwa sababu shemeji ana tabia ya kusahau alichosema. Basi iwepo kwa maandishi: mimi nimesema ushindi 9 katika mechi 12 za msimu wa kawaida, yeye kasema 6. Tumewekeana mbuzi. Na tumekubaliana kabisa kwamba ni mbuzi mzima wa kununuliwa kwa wakulima Waamishi hapa Lancaster, anayetembea kwa miguu yake, si ile nyama ya kugandishwa aliyoniletea mwaka juzi.