Ajali Haina Kinga? Muulizeni Aliyepunguza Bei

Jumamosi iliyopita nilikuwa napita Kileleshwa, hapa Nairobi, kwa miguu, nikaona kijana juu ya mkaratusi, kimo cha ghorofa nne hivi. Mguuni slipa. Slipa za bafu, zile za buluu. Pawa so, ule msumeno wa injini wenye mnyororo, kaishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umekumbatia tawi, na kamba pekee iliyokuwapo ni ile aliyovutia mashine kwenda juu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, gome linateleza kama sabuni. Chini mwenye nyumba, mzee wa makamo, amesimama na simu anarekodi. Nilimwamkia, nikamwomba amshushe yule kijana kwanza. Akanitazama kama mtu aliyeombwa nauli.

"Hawa wamezoea," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayetoa hekima bure: "Na ajali haina kinga, bwana."

Nusura nivue suruali pale barabarani nimwonyeshe paja.

Kovu la paja lenyewe ni la 2014, msituni Kinale, kazini kwangu kwa ukataji miti. Saipresi ilikuwa imeshalala. Watu wasioijua kazi hii hudhani mti hukuua unapoanguka tu. Mimi niliumizwa na mti uliokwisha kuanguka. Nilikuwa napunguza matawi, haraka haraka kwa sababu lori lilikuwa linasubiri, ncha ya juu ya ulimi wa mashine, lile bapa ambalo mnyororo hulizunguka, ikagusa tawi lililojificha chini ya majani, na mashine ikanirukia. Pawa so ikiwa imekanyagwa mafuta, mnyororo wake hukimbia mita 20 kwa sekunde na zaidi. Huna muda wa kusema "aa". Unaona suruali imefunguka, ndani kuna kitu cheupe, na kabla hujaelewa cheupe ni nini kimekuwa chekundu. Nyuzi 31.

Mashine ina breki ya mnyororo. Ni kile kipande kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Ikikurukia, kipande kinasukumwa mbele na mnyororo unasimama papo hapo. Kilitengenezwa kwa ajili ya sekunde ile ile. Yangu ilikuwa imefungwa kwa waya isijishike, kwa sababu "inachelewesha kazi". Nani aliifunga? Mimi. Kwa mkono wangu, kwa koleo langu. Haya, semeni mtakayosema, nimekubali. Ila ongezeni na hili: tulikuwa tunalipwa kwa mti, si kwa siku, na kila dakika ya kuanza upya ilikuwa inatoka kwenye unga wa watoto wangu. Sikuifunga kwa ujinga. Niliifunga kwa hesabu.

Aliyetuajiri alinipa shilingi 3,000 na pole. Nilipelekwa hospitali juu ya magogo niliyoyakata mwenyewe. Kwamba kuna sheria ya fidia ya 2007 inayomtaka mwajiri alipe matibabu, na kwamba kilema cha kudumu kinahesabiwa kwa mapato ya miezi 96, nilikuja kuambiwa na abiria mwenzangu ndani ya matatu ya Limuru, miaka mitatu baadaye. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12. Nilimshukuru, nikashuka.

Februari 2018 serikali ikafunga misitu yake isikatwe. Sisi wa saipresi tukashuka mjini na mashine zetu, na huko ndiko nilikojifunza kwamba kule msituni tulikuwa tunacheza. Msituni mti una mahali pa kuangukia. Unafungua mdomo, yaani pengo shinani, upande unaotaka ulale, unakata nyuma, unaacha katikati ubavu mwembamba wa mbao unaofanya kazi ya bawaba, mti unainama wenyewe kwa adabu, nawe unarudi nyuma kwa pembeni kwenye njia uliyoisafisha kabla ya kuwasha. Kabla, si baada. Kama mti una mita 20, asiyehusika anakaa mita 40. Haya, nitafutie mita 40 Kileleshwa. Huku ni ukuta wa jirani, kule nyaya za stima, hapa gari la mtu ambaye bado analipa mkopo wake. Kwa hiyo mti wa mjini hauangushwi. Mtu anaukwea hadi juu, unateremshwa kipande kwa kipande kwa kamba, kila kipande na mtu wake chini anayekiachilia polepole. Ni kazi ya siku mbili wakati mwingine. Na hapo ndipo tunapofika kwenye bei, jambo ambalo limenitoa usingizini nikaandika haya yote.

Nikija kuangalia mti wako nikasema 28,000, unacheka. Unasema, "Si ni mti tu?" Unanikumbusha kwamba kuni nitabaki nazo mimi. Tunavutana hadi 15,000, unajisikia umeninyoosha, unaingia ndani kunywa chai. Hebu nikwambie ulichokinunua kwa ile 13,000 uliyookoa. Faida yangu iko pale pale, mimi pia nina karo. Nimepunguza mtu wa kamba. Tulitakiwa kuja wanne, tumekuja wawili, na huyo wa pili ni shemeji yangu ambaye jana alikuwa anauza mayai ya kuchemsha. Nimepunguza kamba mpya. Ile ya zamani imekwaruzika mahali pawili lakini tutaiombea. Nimepunguza siku: badala ya kuteremsha vipande, navitupa na kupiga kelele "Toka hapo!" Nimepunguza kusubiri gome likauke. Nimepunguza kusubiri watu wa umeme waje wazime laini, kwa sababu kusubiri huko hakuna anayekulipia. Nimepunguza kuzunguka mti dakika 20 nikitafuta tawi kavu lililokwama juu, lile linaloanguka lenyewe mashine ikianza kutikisa shina.

Na mimi ni yule wa 15,000. Nyuma yangu yuko wa 7,000. Yeye hana tena cha kupunguza. Amebaki na mashine ya kukodi ya siku moja na roho yake. Ikifika saa kumi na moja mashine inarudi kwa mwenyewe, mti umekwisha au haujaisha. Ndiyo maana anashika kwa mkono mmoja. Si kwamba hajui ni mikono miwili daima, hilo hata shemeji analijua. Mkono wa pili ndio kamba ambayo mteja alikataa kuilipia.

Sasa niambieni hiyo ajali haina kinga kwa njia gani. Ina kinga. Ina mpaka suruali yenye jina hilo: ndani yake kuna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa zinavutika, zinajisokota kwenye gia na mashine inazimika kabla ya kufika kwenye nyama. Ingekuwa mguuni kwangu Kinale, leo ningekuwa nawasimulia habari ya suruali iliyochanika. Ni ghali, najua. Mimi nilinunua yangu mtumba, imetobolewa kidogo pale gotini, na bado naivaa hata jua likiwaka na majirani wakiniuliza kama naenda mwezini.

Masikio nayo yanaisha polepole, na vidole vinakufa ganzi asubuhi za baridi kwa sababu ya mtikisiko wa miaka. Hilo halimtishi mtu, kwa hiyo sitalirefusha.

Mtaniambia ni mambo ya Kenya. Hapana. Marekani, ambako wana helmeti na mafunzo na kila kitu, takwimu za serikali yao za 2022 ziliwaweka wakata magogo juu kabisa kwa vifo kazini: takribani 100 kwa kila wafanyakazi 100,000, wakati wastani wa kazi zote haukufika 4. Hao wana vifaa. Sasa mtu akivua vifaa, akavaa slipa, halafu mwenye nyumba anasema "wamezoea"! Amezoea nini? Hakuna anayezoea kuanguka ghorofa nne. Unaanguka mara moja.

Novemba 2020, barabara ya Expressway ikijengwa, mugumo, mti mtakatifu kwa Wakikuyu, wa Waiyaki Way pale Westlands ulitolewa amri ya rais usikatwe. Nilifurahi, sifichi. Nimekata miti mingi na mugumo sijawahi kuugusa, wala sitaugusa, nyanya yangu asingenisamehe huko aliko. Ila nilijiuliza: katika kelele zile zote za mitandaoni, watu walikuwa wanaulilia mti, mti, mti. Aliyetakiwa kupanda juu yake na mashine, kama amri isingekuja, je, kuna aliyeuliza amefungwa kwa kamba ipi?

Na wenzangu wa pawa so, msidhani nimewasahau. Tunajiharibia wenyewe. Tunachekana. Kijana akija na helmeti tunamwita Bob the Builder, yule fundi wa katuni, mpaka anaivua. Kuna fundi namheshimu sana, mkono wake ukiushika unadhani ni jiwe, ambaye huanza siku kwa kunusa chang'aa "aondoe baridi". Siwezi kumlaumu mteja kwa hiyo.

Lakini mteja ndiye ana pesa, na mwenye pesa ndiye anayeamua kazi itafanywaje. Uliza maswali mawili tu kabla ya kutaja bei yako: mko wangapi, na kamba iko wapi. Fundi akikosa jibu, mfukuze, hata kama ni mimi.

Jumatatu nilirudi Kileleshwa. Nakiri nilikuwa naogopa kuuliza. Kisiki kimebaki, kimekatwa vibaya, juu juu, cha mtu aliyechoka. Vumbi la mbao limetapakaa hadi kwenye lami. Askari wa geti alikuwa anakunywa uji.

"Yule kijana wa juzi?" nikamuuliza.

"Alimaliza salama, saa kumi na moja hivi. Mzee alimpa saba."

"Elfu saba."

"Ee. Na huyo mama wa geti jeusi ameona ile video. Ana mikaratusi mitatu nyuma ya nyumba, ameshamwita aje Alhamisi. Amemwambia akifanya yote mitatu kwa 15,000, kazi ni yake."

Geti jeusi liko nyumba tatu kutoka pale. Nyuma yake nyaya za stima zinapita katikati ya matawi. Alhamisi ni kesho, na usiku huu mvua haijaacha.