Daftari la klabu ya mtaani

Ukiuliza historia ya klabu ya mtaani hapa Mwanza, iwe Igogo, Mabatini au Nyegezi, utaonyeshwa picha ya kombe na kutajiwa majina mawili matatu ya vijana waliofika Simba au Yanga. Endelea kuuliza: waliingia klabuni mwaka gani, wakiwa darasa la ngapi, waliondoka na karatasi gani? Hapo watu huanza kutazamana. Kwa maoni yangu, klabu inayolea watoto bila daftari inaishi kwa masimulizi, na masimulizi hayamlipi mtu.

Vipaji havijawahi kuwa shida yetu. Klabu ya Pamba ya enzi zake ilitoa kina Khalfan Ngassa, George Masatu, Hussein Masha na Nteze John. Mrisho, mtoto wa Khalfan, alizaliwa jijini hapa 1989 na akapitia Toto African kabla ya kwenda Kagera Sugar na Yanga. Shida ni uhai wa klabu zenyewe. Toto ilishuka Ligi Kuu 2017. Mwaka huohuo Mbao, klabu nyingine ya hapa, ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Dodoma na kufungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza. 2020 nayo ikashuka, msimu mmoja na Alliance, pia ya hapa. Pamba yenyewe ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Kama wakubwa wanayumba hivyo, timu ya mtaani inayobebwa na mwenyekiti mmoja mwenye duka la vipuri itakuwaje siku akihamia Kahama?

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo daftari linapogeuka mali. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa akiuzwa kwenda nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Mwaka wa 12, 13, 14 na 15 kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia wa 16 hadi wa 23 kila mmoja una asilimia 0.5. Chukua kijana aliyekaa klabu moja ya Igoma toka 12 mpaka 17: miaka minne ya mwanzo inatoa asilimia 1, miwili ya mwisho asilimia 1. Jumla 2. Akiuzwa dola 200,000, klabu ya Igoma inastahili dola 4,000. Piga dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 10, na mgawo unajirudia kila anapouzwa tena kwa ada. Ipo pia fidia ya mafunzo, ambayo hudaiwa anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, na kila anapohama kati ya nchi na nchi hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 23.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA ambayo kwanza hutengeneza pasi ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa. Zingatia neno alizosajiliwa. Klabu iliyomfundisha miaka sita bila kumkatia leseni, yaani bila kumsajili rasmi, haimo kwenye pasi, hata mtaa mzima ukija kutoa ushahidi. Na klabu ikifa, au ikipoteza uanachama wake kwenye chama cha soka, kanuni zinaruhusu mgao wake uende kwa shirikisho la nchi. Kwa hiyo ile ada ya mwaka ya chama cha wilaya ambayo viongozi wengi huikimbia ndiyo inayolinda dai lote.

Daftari lenyewe halina makuu. Nunua kaunta buku nene, ya kwaya (quire) nne, yenye jalada gumu na uipige mistari kwa rula. Kila mtoto apewe ukurasa wake, siyo mstari. Andika majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na namba ya cheti. Andika tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa, jina la mzazi au mlezi na namba zake mbili za simu, kwa sababu moja itakuwa imefungwa utakapoihitaji. Halafu tarehe ya mazoezi ya kwanza, namba ya leseni kwa kila msimu, na mwisho tarehe ya kuondoka na alikokwenda. Picha bandika kwa gundi. Pini za stepla hushika kutu na kula karatasi.

Makosa mengi huanzia kwenye majina. Kanda hii mtoto anaweza kutumia jina la babu shuleni, la baba kwenye cheti, na mtaani akaitwa Chama au Mayele, majina ya wachezaji maarufu. Kocha humwandika lile la mtaani kwa sababu ndilo analopigia kelele kila jioni. Miaka saba baadaye leseni inasoma hivi, hati ya kusafiria inasoma vile, na klabu inatakiwa ithibitishe kuwa hao wawili ni mtu mmoja. Andika jina la cheti kwanza; la utani liweke kwenye mabano.

Kuhusu vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri, sina huruma. Kijeba wa miaka 17 kwenye timu ya chini ya 15 anakuletea mbuzi wa ndondo, yaani zawadi ya mashindano ya mtaani, leo na anakaa kwenye nafasi ya mtoto halali msimu mzima. Baadaye, kwenye mashindano ya kimataifa ya chini ya 17, kifundo cha mkono wake kinapigwa picha ya MRI na safari inaishia hapo. Cheti peke yake hakitoshi, maana vingine vinatolewa mtoto akiwa tayari mkubwa. Omba kadi ya kliniki. Ina tarehe za chanjo na uzito wa mwezi hadi mwezi kwa mwandiko na kalamu tofauti, na ni vigumu mtu kukaa chini kuigushi yote. Isipokuwepo, nenda kwa mwalimu mkuu uulize aliandikishwa darasa la kwanza mwaka gani.

Daftari la pili ni la mahudhurio, na hili ndilo kocha atalipenda akishalizoea. Kwa timu za Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni, au Igombe, lifungue uangalie alama za kutofika. Utaona zinajikusanya kwenye wiki za giza, mwezi unapokuwa haupo na mitumbwi ya dagaa inatoka na taa. Watoto wanakuwa kwenye kuanika na kugeuza dagaa, na wengine hawajalala vya kutosha. Mbalamwezi ikirudi, wanarudi. Kocha asiyejua hili anawaita watovu wa nidhamu na kuwatoa kikosini. Anayejua anapanga mechi za kirafiki kwenye wiki za mbalamwezi na kuacha mazoezi mepesi kwa wiki za giza. Mpango huo hauongezi gharama hata senti.

Mahudhurio yanaonyesha na magonjwa. Timu za kando ya ziwa zina tabia ya kumaliza mazoezi na kukimbilia majini kuoga. Maji ya pwani yenye matete na konokono ndiyo makao ya kichocho, na ukanda huu unasumbuliwa zaidi na kile cha tumbo: mtoto anachoka mapema, tumbo linamuuma, choo kinakuja na damu, na kocha anaona uvivu. Shule hutoa dawa, lakini dawa haimzuii kuambukizwa tena akirudi majini kesho. Ndoo tatu za maji ya bomba na kopo pembeni ya uwanja zinasaidia kuliko kumfokea. Mwingine anachechemea: umri wa 12 hadi 15, maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, pana uvimbe mgumu unaouma ukiubonyeza. Huyo anakua haraka na amecheza mno. Angalia rekodi yake, mara nyingi utakuta mazoezi matatu ya klabu, mechi ya shule, na Jumamosi na Jumapili amekodiwa kama mamluki kwenye ndondo mbili. Mpunguzie michezo kwanza, ndipo umfikirie bandeji.

Mazoezi yenyewe sitayasema sana. Siku tatu kwa wiki, dakika 75. Kwa watoto 24 na mipira minne, chora viboksi vinne vya mita 12 kwa 12, watoto sita kila kimoja, kuliko kuwapanga foleni moja ndefu ya kupiga mashuti ambapo kila mmoja anagusa mpira mara tano jioni nzima. Chini ya miaka 12 watumie mpira namba 4. Na kwa viwanja vyetu vya changarawe, dakika kumi za mwanzo wote waokote kokoto na vigae vya chupa huku wakitembea mstari mmoja toka goli hadi goli. Ndiyo kupasha misuli kwenyewe.

Daftari likae kwa nani? Mwenyekiti asilishike peke yake. Ugomvi ukitokea, na utatokea, huondoka na jezi, mipira na buku. Katibu ashike la asili, mzazi mmoja asiyegombea cheo ashike nakala, na kila mwisho wa msimu kurasa zote zipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa watu watatu. Vilevile mfadhili akija na sharti la kubadili jina la timu, fikirini mara mbili. Jina jipya likisajiliwa kama klabu mpya, leseni za miaka iliyopita zinabaki kwa klabu ambayo haipo tena. Kama lazima jina libadilike, badilisheni jina la klabu ileile kwa Msajili wa vyama vya michezo, na barua ya mabadiliko ipelekwe chama cha wilaya na cha mkoa, kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

Safu ambayo huachwa tupu kuliko zote ni ya mwisho, alikokwenda. Viongozi huijaza pale tu kijana anapochukuliwa na timu kubwa. Aliyeacha mpira akaenda kuvua Ukerewe, au anayeendesha bodaboda Buzuruga, naye aandikwe, mahali na tarehe. Wapo wanaorudi uwanjani wakiwa na miaka 19, wanaonekana kwenye ndondo na kusajiliwa na klabu nyingine kabisa, na miaka yao ya 12 mpaka 15 bado ni ya klabu iliyowaokotesha kokoto.